Siku Ambazo Mashine Haikugoma

Simu ya binti yangu ikigoma, anaitupa kwenye kochi na kusonya. Haipiti dakika anaiokota, anabonyeza palepale alipobonyeza mwanzo, inagoma tena, anasonya tena. Namtazama tu. Juzi nikamwambia, "Baba yako kompyuta ikimgomea alikuwa anaiomba radhi." Akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikuwa namtania. Ndivyo alivyokuwa marehemu, Mungu amrehemu, na kwa kuwa tuliomwona akiwa kazini tumebaki wachache, nimeona niiandike habari hii mwenyewe, kwa mkono wangu huuhuu wa darasa la saba.

Tulifanya kazi ofisi moja, mimi na yeye, ofisi ya kuandikisha vizazi na vifo. Yeye mpiga chapa, mimi mhudumu: kufagia, kupiga deki, kuchemsha chai ya saa nne, kubeba mafaili. Ilikuwa chumba kimoja kikubwa kilichokatwa katikati na kaunta ya mbao. Upande wa mlangoni kulikuwa na benchi refu, akina mama wanakaa na watoto mapajani wakisubiri vyeti. Upande wa ndani meza mbili, moja ya mume wangu, nyingine ya karani tuliyemwita Mama Pacha. Mkuu wa ofisi alikuwa na chumba chake chenye mlango wa kioo cha mawimbi, kwa hiyo uliona kivuli chake kikiinuka kabla hajatoka, ukapata nafasi ya kunyoosha mgongo.

Mume wangu walimwita Bwana Taipu. Miaka kumi na saba alikuwa ameikalia taipureta, na vidole vyake vilikuwa vizito kwa sababu ile mashine ilitaka nguvu, ukiigusa kwa unyonge herufi inatoka nusu. Kompyuta ilipoletwa alipelekwa mafunzo ya wiki tatu, akarudi amekonda kidogo kwa wasiwasi, lakini ameijua. Kazi aliyopewa ilikuwa kuhamisha rejista zote za zamani, zile za wino uliofifia na kurasa zilizoliwa na mende, aziingize ndani ya mashine. Mtoto mmoja mmoja. Jina, tarehe, baba, mama.

Sasa nisikilizeni. Nyumbani kwangu redio ilikuwa na kitambaa, makochi yalikuwa na vitambaa, hata chupa ya chai ilikuwa na kitambaa. Nilipoiona kompyuta ile mpya imekaa uchi mezani, na dirisha liko wazi, na vumbi la barabara linaingia kama lina mwaliko, niliona haya. Kitu cha thamani kuliko vyote humo ndani, na kimekabidhiwa kwa mume wangu!

Nikafuma kroshia wiki mbili. Uzi mweupe, pindo la maua ya zambarau. Kroshia ina matundu na matundu yanapitisha vumbi, kwa hiyo nikatia bitana ya blanketi jembamba. Kilipokamilika kilifunika vyote viwili, kile kioo chenye kisogo kikubwa na lile sanduku lililokaa chini yake, kikashuka mpaka mezani kama kanzu iliyopimwa kwa mwenyewe. Mbele niliacha mkato, ili asubuhi afunue upande wa kioo peke yake aurushe juu, afanye kazi. Nyuma na pembeni kinabaki kimestirika.

"Wifi," akasema Mama Pacha siku ya kwanza, "mashine imevaa kuliko mimi." Alikuwa akiniita wifi kwa kuwa alijitangaza dada wa mume wangu bila kuulizwa na mtu. "Na mimi nifumie, basi."

"Wewe una vumbi gani?"

"La uzee, mama."

Mume wangu alipitisha kiganja juu ya lile pindo mara moja, akafunua, akaanza kazi. Kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa hotuba.

Hazikupita siku nyingi mashine ikaanza kugoma. Inaanza vizuri saa mbili asubuhi, ikikaribia saa tano kishale kinaganda, kibodi haisikii, halafu kioo kizima kinageuka buluu na maandishi meupe ya Kiingereza. Siku nyingine haigeuki buluu, kinatokea kiboksi kidogo chenye alama nyekundu, na ukikibonyeza kinatoka kingine hukohuko nyuma yake. Mume wangu alikuwa akihifadhi kazi kila akimaliza watoto kumi, kwa hiyo mgomo ukiingia kwenye mtoto wa tisa, tisa wote wamekwenda. Anarudi kuwaingiza upya.

Na hapo ndipo nilipowajua watu. Nilikuwa na ufagio na macho, na hakuna anayejificha mbele ya mwenye ufagio. Mama Pacha alikuwa mtu wa makofi: anainuka kwenye meza yake, anaizunguka, anaipiga ubavuni, pa! "Wenzio wanasubiri!" Mkuu alikuwa anatoka mlangoni, hata hajafika, anauliza, "Nani kagusa nini?" Kisha anabonyeza kitufe kimoja mara kumi na tano, kila mara kwa nguvu zaidi, kama anayebisha hodi kwa mdeni. Benchi nalo halikunyamaza.

"Zima, uwashe!"

"Usizime! Ya shemeji yangu ilizimwa haikuwaka mpaka leo."

"Ipulizieni kwenye kile kitundu."

"Imechoka tu. Ipeni chai."

Mume wangu yeye aliondoa vidole, akaviweka magotini kama mwanafunzi aliyekemewa, akasema taratibu, "Samahani." Nilimuuliza siku moja nyumbani anamwomba nani samahani. Akafikiri. Akasema, "Sijui. Lakini nilikuwa naandika, na kitu kimeharibika. Mtu anasema samahani."

Na mimi? Mimi nilisoma dua kimyakimya, halafu nikachukua daftari. Mkuu alikuwa ameagiza kila ujumbe wa hitilafu unakiliwe ili fundi akija ausome, na hakuna aliyekuwa na muda. Nikajitolea. Kiingereza sikijui, kwa hiyo niliyachora yale maneno herufi kwa herufi, kama unavyochora ua kabla ya kulifuma. Pembeni naweka tarehe na saa. Siku isiyo na mgomo naandika tarehe, mbele yake naacha wazi.

Ndipo nikagundua jambo lililonifurahisha sana. Ijumaa ilikuwa wazi. Ijumaa ya pili, wazi. Ya tatu, wazi. Nikamwonyesha Mama Pacha.

"Basi hata mashine inaswali," akasema. "Imebaki mimi tu."

Yeye alicheka, mimi sikucheka. Niliamini kabisa ni baraka ya siku. Niliwasimulia wanawake wenzangu darasani kwa ustadhi, wakaguna kwa mshangao, na moyoni nikajiona kama niliyechaguliwa kuona. Nasema ukweli kwa sababu sasa nimezeeka na sina wa kumficha.

Mkuu aliita fundi kutoka makao makuu. Kuja kwake kulitangazwa siku mbili kabla. Nikasema moyoni, mgeni haji akakuta kitambaa kina vumbi, nikakivua jana yake jioni nikakipeleka nyumbani kukifua. Fundi alikaa siku nzima. Alikuwa kijana mwenye mkoba wa bisibisi na maneno machache. Mashine ikafanya kazi kama haijawahi kuugua. Saa tano ikapita, saa sita ikapita. Alisoma daftari langu, akashangaa mwandiko, akasema, "Mama, hizi hitilafu ni za aina sita tofauti. Hazina mwelekeo." Kisha akamgeukia Mkuu, mume wangu yupo palepale anasikia: "Mashine ni nzima. Mtazameni anayeitumia."

Haikupita wiki ikatoka barua. Ilisema Bwana Taipu anaharibu mali ya ofisi kwa kugonga kibodi kwa nguvu kama taipureta, kwamba anapewa siku kumi na nne, na mashine ikiendelea kugoma ataondolewa kwenye meza ile apelekwe stoo ya majalada, na nafasi yake ipewe mpiga chapa kutoka chuoni. Barua aliipiga chapa Mkuu mwenyewe, kwa vidole viwili, usiku wa kuamkia Jumatatu nadhani, maana ilikuwa na makosa mengi. Mume wangu aliisoma amesimama. Kilichomkata maini zaidi, aliniambia, ni kwamba neno "kugonga" lilikuwa limekosewa herufi.

Kuanzia hapo alibadilika. Alianza kugusa kibodi kwa ncha za vidole kama anashika kitu cha moto. Kasi yake ikapungua nusu. Mashine ikagoma vilevile, saa tano kasoro, saa tano na robo, na kila ikigoma alikuwa anatazama kwanza kile kivuli kwenye kioo cha mawimbi. Nyumbani hakula vizuri. Nilimkuta ukumbini anajizoeza kwenye ukingo wa meza, anagonga kwa wepesi bila sauti. Mtu wa miaka kumi na saba kazini, anajifunza upya kugusa mbao.

Siku ya nane, Jumatatu, nilikuwa naweka chai mezani kwake, kikombe kikanitoka. Hakikumwagikia mashine, namshukuru Mungu, ila pindo lote la maua liliingia chai. Nikakivua haraka, nikakifua jioni. Usiku ukanyesha. Jumanne kikawa hakijakauka, ile bitana ya blanketi ilinyonya maji kama sponji. Jumatano nayo mawingu, bado kibichi.

Jumatano mchana Mama Pacha akajinyoosha kwenye kiti. "Wifi, leo siku gani?"

"Jumatano."

"Jana je?"

"Jana Jumanne. Una nini wewe?"

"Naona mashine yenu imeongeza siku za ibada."

Alisema kwa utani, akarudi kwenye mihuri yake. Mimi nikasimama na deki mkononi, maji yananidondokea miguuni. Ilikuwa kweli. Jumanne haikugoma. Jumatano ilikuwa saa saba na haijagoma. Nilikwenda jikoni, nikatoa daftari, nikafunga mlango.

Nilianza na zile Ijumaa. Ijumaa nafanya nini? Alhamisi jioni navua kitambaa, nakwenda kukifua na kukitia wanga, Jumatatu nakirudisha kimenyooka. Siku ya fundi: nilikivua. Jumanne na Jumatano hizi: kiko kwenye kamba nyumbani. Nilipitisha kidole kila mstari. Kila siku iliyo wazi, kitambaa hakikuwepo. Hakuna hata moja iliyokosea.

Nikakumbuka jinsi nilivyokuwa nikikivua Alhamisi jioni na kukikuta kina joto ndani, joto la kama mkate, na mimi nikikikunja na kukikumbatia kifuani kwa raha. Na yale matundu madogo nyuma ya sanduku, ambayo nilidhani ni urembo.

Nikakaa juu ya debe. Ijumaa haikuhusika, ni mimi niliyeibandikia muujiza wangu. Nilisema astaghfirullah mara nyingi. Na la pili likaja lenyewe: mume wangu anaondolewa mezani kwa kitu nilichokifuma mimi.

Tulipotoka kazini nilimwambia njiani, tukitembea. Nilimweleza kila kitu na daftari likiwa wazi mkononi. Alisimama. Alisoma tarehe zote, moja moja, kama anavyosoma rejista.

"Mama watoto," akasema, "usimwambie mtu."

"Kwa nini?"

"Wewe ni kibarua. Mimi wananipeleka stoo, wewe watakuambia usije kesho. Tutakivua tu. Mashine itakaa sawa, mambo yatapoa."

"Na barua?"

"Barua ni karatasi."

"Karatasi ndiyo kazi yako maisha yote, leo unaniambia ni karatasi? Mashine ikipona wakati huu watasema nini? Watasema, mnaona, tulimtisha akaacha kugonga. Utakuwa umekubali, baba watoto. Itakaa kwenye jalada lako hivyo mpaka ustaafu."

Tulitembea mpaka karibu na nyumbani. Tulipofika kwenye kamba ya nguo, kile kitambaa kinaning'inia, bado kizito kwa maji, akakishika pindo. "Kilikuwa kizuri," akasema. "Ndiyo ofisi pekee ambayo mashine ilikuwa na mtu wa kuipenda."

Nikajua amenipa ruhusa, ila kwa mlango wa nyuma.

Asubuhi niliswali, nikakipiga pasi mpaka kikakauka, nikakiweka kwenye mfuko pamoja na daftari. Nikabisha kwenye mlango wa kioo cha mawimbi. Sikuwahi kuingia mle bila birika.

"Sijaomba chai," Mkuu akasema bila kuinua uso.

"Sijaleta chai, Mkuu. Nimeleta kinachogomesha mashine."

Akainua uso. Nikatandika kitambaa mezani kwake, juu ya makaratasi yake yote.

"Hiki?"

"Hicho. Na bitana yake. Mashine inakosa hewa, inapata joto, inachanganyikiwa. Mume wangu hana kosa. Nilifunika mimi."

"Mama, fundi wa makao makuu amekaa hapa siku nzima, na mkoba wake, hakuona kitu. Wewe umeona kwa kitu gani?"

"Siku aliyokuja nilikuwa nimekivua, nilitaka akute pasafi. Tazama daftari."

Aliligeuzageuza daftari. Alitazama tarehe, akatazama kitambaa, akanitazama mimi. Nadhani alitaka kukasirika na hakujua aanzie wapi. Mwisho akasimama. "Kivishe," akasema. "Kama kawaida yake. Tuone."

Nikakivisha. Mume wangu akaanza kazi saa mbili, mgongo umenyooka, hatazami mtu. Benchi lilikuwa limejaa na Mama Pacha alikuwa amekwisha kulieleza habari nzima kwa mnong'ono unaosikika mpaka getini. Ilipofika saa nne na nusu Mkuu akatoka chumbani. "Bwana Taipu, hebu pumzika. Nikae mimi." Alitaka, nafikiri, ajionee kama itamgomea na yeye asiyegonga, suala liishe.

Akaandika kwa vidole viwili. Polepole, kwa upole, kama anakanda mgonjwa. Mtoto mmoja. Wa pili. Dakika zikaenda, benchi likatulia, hata watoto wachanga walinyamaza, au mimi ndiye nilikuwa sisikii. Kwenye mtoto wa tano kishale kikaganda. Akakitikisa kipanya. Kioo kikawa buluu.

Mkuu akabaki na vidole viwili hewani.

"Mkuu," akasema Mama Pacha kwa sauti ya huruma, "mbona umegonga kwa nguvu hivyo?"

Mama mmoja kwenye benchi alipasuka kicheko, wa pili akafuata, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kujizuia. Mkuu alijaribu kukunja uso. Haukukunjika. Aliweka kiganja nyuma ya kile kitambaa, akakiondoa upesi kama aliyegusa sufuria. Akakivua mwenyewe, akakikunja mara mbili, akanikabidhi kwa mikono yote miwili.

"Bwana Taipu, rudi kitini kwako."

Mume wangu hakwenda. Alikuwa amesimama kando ya kaunta, mikono nyuma. "Mkuu," akasema, "mimi nililaumiwa kwa maandishi."

Mkuu akakohoa. Kisha akavuta kile kiti cha wageni, akakaa pembeni ya meza, akasema, "Haya. Washa. Andika nikuambie."

Mimi nilitaka kuondoka, sakafu ya korido ilikuwa haijapigwa deki. Mama Pacha akanionyesha benchi kwa kidevu. Mama mmoja akajisogeza, akampakata mtoto upande wa pili, akanipa nafasi. Nilikaa. Katika miaka yote ile sikuwahi kukaa kwenye benchi lile.

"Kuhusu barua ya tarehe nanihii," Mkuu akaanza, "ofisi imejiridhisha kwamba... kwamba chanzo cha hitilafu... Niseme nini hapa? Siwezi kuandika kitambaa kwenye barua ya ofisi."

"Andika joto," akasema Mama Pacha.

"Joto. Vizuri. Ni joto, wala si mtumiaji. Ofisi inafuta lawama zote na inamshukuru kwa..." Akasita, akatazama dirishani. "Na mhudumu, andika na mhudumu, kwa uangalifu wake."

"Jina lake kamili, Mkuu?"

"Si mkeo huyo? Unaniuliza mimi?"

Mume wangu hakucheka. Aliinamia kibodi. Kwa siku zote zile alikuwa akigusa kwa ncha za vidole, na sasa nikamsikia akishuka na uzito wake wote wa zamani, ta-ta-ta-ta, bila kutazama mlango wala kivuli, bila kuomba radhi kwa mtu. Mtoto wa jirani yangu pale kwenye benchi aligeuza kichwa kutafuta mlio unatoka wapi. Nikamwambia mama yake, "Yule pale ni mume wangu." Nikakaa hivyohivyo mikono mitupu, mpaka alipofika mwisho wa barua.